Mbwa wako ameng'atwa na mbwa mwenzake: la kufanya kuanzia getini hadi apone

Tundu lilikuwa dogo, kiasi cha punje ya mahindi, nyuma ya bega la kushoto. Majungu (jina alipewa na marehemu baba yangu, na majirani waliolengwa walilielewa siku ileile) alichomoka getini alfajiri, mlinzi alipokuwa anafungua, akakutana na mbwa mkubwa wa nyumba ya tatu ambaye hakuwa amefungwa. Ugomvi wenyewe haukufika dakika moja. Nilimwosha, nikampaka spiriti, nikaona damu imekata, nikaenda kazini. Siku ya tatu bega lilikuwa limevimba kama embe dodo, linanuka, na mbwa amegoma kula. Daktari wa mifugo alinyoa manyoya, akaingiza chombo chake chembamba kwenye lile tundu. Kilizama chote, kikatembea chini ya ngozi mpaka karibu na uti wa mgongo. Akaniuliza: "Kwa nini hukuja juzi?"

Sikuwa na jibu. Haya yafuatayo ndiyo ambayo ningependa kuwa nimeyajua asubuhi ile.

Hatua ya 1: Watenganishe bila kutia mkono

Mbwa aliye katikati ya mapigano hachagui anachong'ata. Kikipita kitu karibu na mdomo wake, taya linafunga. Kwa hiyo usimshike mkanda wa shingoni, usijitupe katikati, wala usimtandike fimbo yule aliyeng'ang'ania, maana maumivu humfanya akaze zaidi.

Silaha ya kwanza ni ndoo ya maji, umwagie usoni. Maji yakikosekana, piga kelele ya chuma kwa chuma, sufuria au bati, au sukumiza kitu kipana kati yao: ubao, beseni, kiti cha plastiki. Mkiwa watu wawili, kila mmoja ashike mbwa wake miguu ya nyuma, juu ya goti, ainyanyue kama anayesukuma toroli, kisha mrudi kinyumenyume kwa pamoja huku mkizunguka kidogo ili mbwa asipate nafasi ya kugeuka na kuwang'ata. Ukiwa peke yako usijaribu njia hii. Ukimshika mmoja, aliyebaki huru atamrarua.

Wakishaachana, kabla hujaanza kulia na mbwa wako, mwangalie vizuri yule mwingine. Ni wa nani? Ni koko? Ana mkanda? Anatokwa mate ovyo, anayumba, anafuata watu bila sababu? Majibu hayo utayahitaji baadaye kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Dakika kumi za mwanzo

Mfunge mdomo kwanza. Majungu hakuwahi kunionyesha jino kwa miaka sita. Siku ile alinionyesha yote. Chukua kipande kirefu cha kanga au bandeji, tengeneza kitanzi juu ya pua, kaza kiasi, vusha ncha chini ya kidevu, malizia kwa fundo kisogoni nyuma ya masikio. Usimfunge kama anahema kwa shida, anatapika, au ameumia usoni au kifuani. Hapo uwe mwangalifu tu na mdomo wake.

Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipo. Manyoya yake yamelowa mate ya mbwa usiyemjua afya yake, na mkono wako unaweza kuwa na mkwaruzo ambao hujauona. Kama kwenu mate ya mbwa ni najisi, glavu zitakusaidia mara mbili.

Panapovuja damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi mfululizo. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Kisha angalia fizi. Inua mdomo wa juu: fizi za mbwa mzima ni za waridi. Bonyeza kwa kidole, pageuke peupe, uachie. Rangi inatakiwa irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mbwa wengi wa kwetu wana fizi nyeusi kwa asili, basi kwa hao vuta kope ya chini utazame nyama ya ndani. Fizi nyeupe au za kijivu, baridi, rangi ikichelewa kurudi, maana yake damu haizunguki vizuri, na huenda inavujia ndani usikoiona. Akishatulia, hesabu pumzi: ubavu unavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa aliyepumzika huvuta pumzi kama 10 hadi 30 kwa dakika.

Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, bila kungoja kuosha wala kupiga simu kwa shangazi, kama fizi si nzuri, kama tundu liko kifuani, tumboni au shingoni, kama anaburuza miguu, kama jicho limetoka (lifunike kwa kitambaa safi chenye maji, usijaribu kulirudisha), au kama ni mbwa mdogo aliyenyanyuliwa na kutikiswa na mkubwa. Huyo wa mwisho anaweza kuwa hana hata tone la damu nje, huku mbavu zimevunjika na mapafu yametoboka. Mbebe juu ya ubao au shuka lililovutwa pande zote, si kwa kumwinua makwapani. Dereva wa bajaji wa kwanza alikataa kumpakia Majungu, na sikumlaumu. Wa pili alikubali baada ya kuona nimemviringisha kwenye kanga kuukuu, amebaki pua tu.

Tundu na kilicho chini yake

Hapa ndipo nilipokosea, na ninaona wengi wanakosea hapohapo, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Ngozi ya mbwa imelegea juu ya nyama. Ishike mgongoni mwa mbwa wako uone inavyovutika. Jino refu la mbele linapoingia, halitoboi na kutoka kama sindano; mbwa anayeshambulia hukaza kisha hutikisa kichwa. Ngozi, kwa kuwa imelegea, inafuata jino bila kuchanika sana. Nyama iliyo chini haifuati. Inachanika, inapondeka, inaachana na ngozi, na panabaki mfuko mtupu wenye damu, manyoya, uchafu na vijidudu vya mdomoni. Nje unaona tundu la punje ya mahindi. Siku inayofuata tundu hilo linajifunga, nawe unafurahi kwamba linapona, kumbe limefunga mlango na wezi wako ndani. Kati ya siku ya pili na ya tatu ndipo usaha unajitangaza kwa uvimbe, joto na harufu.

Kwa sababu hiyo kila tundu, hata dogo, linastahili kuonwa na daktari siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Mapema namna hiyo bado anaweza kulisafisha kabla vijidudu havijashika kambi.

Hatua ya 3: Kuosha kabla ya kwenda kwa daktari, si badala yake

Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nunua bomba la sindano la mililita 20, toa sindano, pulizia maji juu ya kidonda tena na tena mpaka uchafu utoke. Usiyasukume kwa nguvu ndani ya tundu, na tundu la kifuani usilipulizie kabisa. Dawa ya iodini unaweza kuitumia kama umeizimua kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea.

Visivyotakiwa ni vingi zaidi. Spiriti na Dettol vinaunguza nyama hai inayojaribu kujiunga. Majivu, mafuta ya taa na unga wa betri nimeviona vyote vikipakwa na watu wenye nia njema. Ile dawa ya bluu ya kupuliza ng'ombe inapaka kidonda rangi kiasi kwamba daktari hajui anatazama nyama iliyokufa au nzima, na mbwa ataimaliza kwa ulimi.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kabati la dawa za nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Panadol inaharibu ini na damu yake. Usimpe hata kipande. Mbwa wana dawa zao za maumivu, kama meloksikamu, na daktari anazipima kwa kilo. Na kama kuna mtu amekwisha kumpa au kumchoma kitu chochote, iwe bwana mifugo aliyepita au kaka yako, mwambie daktari. Dawa mbili za maumivu zikikutana, au moja ikikutana na sindano ya deksamethasoni (dawa kali ya kushusha uvimbe), utumbo unaweza kutoboka.

Hatua ya 4: Kwa daktari, usishangae akikataa kushona

Atanyoa eneo pana kuliko ulivyotarajia, atampa dawa ya usingizi au ganzi, atapima urefu wa mfuko, atakata nyama iliyokufa, ataosha kwa maji mengi. Mara nyingi ataacha mrija laini unaotoa majimaji nje, au ataacha sehemu ya kidonda wazi. Nilinung'unika: nimelipa, halafu kidonda kinabaki wazi! Lakini kushona kidonda kichafu ni kushonea usaha ndani. Mrija hutolewa kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 5, nyuzi baada ya siku 10 hadi 14. Dozi ya antibaiotiki imalizwe yote, hata mbwa akianza kukimbiza kuku siku ya nne.

Huna daktari wa wanyama karibu? Anzia ofisi ya mifugo ya kata au halmashauri. Walio Morogoro na jirani wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wa Nairobi wana kliniki ya chuo kikuu kule Kabete.

Hatua ya 5: Kichaa cha mbwa, usiku huohuo

Watu huliacha hili mwisho kwa kuwa kidonda ndicho kinachoonekana. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mtu, na karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu hupata virusi kutoka kwa mbwa.

Tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako. Kama chanjo yake bado inafanya kazi, daktari atamchanja tena mara moja, kisha utamchunguza nyumbani kwa siku 45 bila kuzurura. Kama hajawahi kuchanjwa, au kadi imepotea na hukumbuki, mwambie daktari ukweli. Uamuzi hapo ni mgumu zaidi: kumtenga kwa miezi kadhaa, na kama aliyemng'ata ana dalili za kichaa, pengine kumlaza moja kwa moja, yaani kumuua kwa dawa. Ni bora usikie uamuzi huo kwa daktari kuliko uone kichaa kikianza nyumbani kwenye watoto.

Yule mbwa mwingine asiuawe kwa hasira. Akiwa na mwenyewe, afungwe na achunguzwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata ataugua au atakufa ndani ya siku hizo. Akifika siku ya kumi mzima anakula, umepumua. Akiuawa kwa mawe mtaani na kutupwa, hakuna wa kumchunguza tena. Akitoweka au akifa, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo.

Na wewe mwenyewe? Kama uling'atwa au kukwaruzwa wakati wa kuamua ugomvi, au mate yaliingia kwenye kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali leo ukaanze chanjo. Usingoje zile siku 10 ziishe.

Hatua ya 6: Wiki mbili za uuguzi

Mbwa wa kwetu wengi hulala bandani na hufunguliwa usiku kulinda. Kwa wiki mbili aachishwe zamu. Mpe sehemu kavu, yenye kivuli, karibu na watu, nzi wasikofika kirahisi. Nzi hutaga kwenye kidonda kibichi, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Ukiona vitu vyeupe kama chembe za mchele uliovunjika kwenye manyoya, hayo ni mayai, rudi kwa daktari kabla hayajawa funza.

Asilambe. Ile imani kwamba mate ya mbwa ni dawa imefungua nyuzi nyingi. Kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, zungushia ukingo kitambaa ili usimkate, toboa matundu uifunge kwenye mkanda wake. Atagonga kila mlango siku ya kwanza, siku ya pili atakuwa ameizoea. Kidonda cha kifuani au mgongoni kinaweza kufunikwa kwa fulana ya mtoto, mikono ya mbele ikipita kwenye mikono ya fulana.

Kagua asubuhi na jioni, na uandike. Majimaji mekundu mepesi siku za mwanzo si tatizo. Usaha mzito wa njano au kijani, harufu mbaya, uvimbe unaokua, ngozi inayogeuka nyeusi, joto la mwili kupita nyuzi 39.5 (kawaida yake ni kati ya 38 na 39.2, hupimwa kwa njia ya haja kubwa), au kukaa siku nzima bila kula: rudi.

Chakula kiwe laini: ugali na dagaa waliooshwa mpaka chumvi itoke, au supu ya nyama. Ila supu hiyo ipikwe bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vyote viwili huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa isiwepo.

Hatua ya 7: Woga

Bega la Majungu lilifunga wiki ya tatu. Geti lilichukua muda mrefu zaidi. Nilipolifungua alijilaza chini, mkia tumboni, akajikojolea. Mbwa huyu!

Siku chache za mwanzo mwache alale. Mwili wake bado umejaa ule mshtuko, na atashtuka hata kikombe kikianguka. Mama alinionya kwamba nikimbembeleza nitamzoesha woga. Si hivyo. Woga hauongezeki kwa kukaliwa karibu; akikujia, kaa naye. Kinachouongeza ni kumburuza mpaka kwa mbwa mwingine "ili azoee".

Mazoezi yaanze nyuzi zikishatoka na kidonda kikiwa hakiumi tena. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Chemsha maini, kata vipande vya ukubwa wa haragwe. Tafuta mahali anapoweza kumwona mbwa aliyetulia, kwa mbali sana, upande wa pili wa uwanja wa mpira kwa mfano. Mbwa yule akionekana, maini yanaanza kutoka. Akitoweka, maini yanakoma. Dakika tano, mrudi nyumbani. Usisogee mpaka uone yeye mwenyewe, akimwona yule mbwa, anageuka kukutazama akidai maini yake. Hapo sogea karibu hatua tano, si hamsini.

Utajuaje kwamba umekaribia mno? Analamba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, masikio yamelala, weupe wa jicho unaonekana, mwili umekakamaa. Kipimo changu kilikuwa maini yenyewe: mbwa anayeyakataa maini yuko karibu mno na anachokiogopa. Rudi nyuma, usimvute, usimfokee. Na akianza kubweka kwa ukali mbele ya kila mbwa, usiseme ameharibika wala usimpige. Anajaribu kumfukuza mwenzake kabla hajafikiwa. Mpe nafasi kubwa zaidi.

Kama waliopigana ni wa nyumba moja, watenganishe kabisa wiki mbili au zaidi, kila mmoja na sahani yake na mahali pake, kisha waanze kutembezwa sambamba nje ya kiwanja, kila mmoja na mtu wake. Chunguza chanzo: jike aliye kwenye joto, mfupa mmoja kwa wawili, au mmoja mwenye maumivu yasiyojulikana. Kuhasi madume kunaweza kusaidia, lakini hakufuti ugomvi uliokwisha kuwa mazoea. Ikipita miezi miwili bila nafuu yoyote, daktari anaweza kutoa dawa za kupunguza hofu ziende pamoja na mazoezi.

Jirani

Piga picha za vidonda siku ya kwanza, tunza risiti, kamuone ukiwa umepoa. Kwanza muulize kadi ya chanjo ya mbwa wake, fedha baadaye. Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa yupo. Jirani yangu alilipa nusu na akaongeza kozi tatu za matofali kwenye ukuta wake, nami nikamweleza mlinzi kwamba geti halifunguliwi mpaka Majungu awe kamba mkononi.

Sasa ni mwaka na miezi. Anatembea barabara yote, ila akifika nyumba ya tatu anahamia upande wa pili wa mtaro. Nami nahama naye.